Kipanya Kisicho na Betri na Swali la Mwanafunzi

Kazi ngumu ya mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi ni kufundisha kwa kifaa kinachofanya kazi vizuri huku kikificha namna kinavyoifanya. Jembe huonyesha makali yake, na baiskeli huonyesha mnyororo wake. Mtoto akitazama kwa dakika chache hujua nguvu inaingilia wapi na kutokea wapi. Lakini vyombo vingi vinavyoingia madarasani mwetu siku hizi vimefunikwa pande zote. Mtoto hubonyeza, kitu hutokea, na kati ya kubonyeza na kutokea hapaonekani kitu. Mwalimu asipokuwa mwangalifu, pengo hilo hujazwa na maneno matupu: kwamba chombo kinajiendesha chenyewe, au kwamba ni ufundi wa Wazungu usioulizika. Katika makala haya nakusudia kuwaeleza wanachuo jinsi nilivyokijaribu kifaa kimoja cha namna hiyo, yaani kipanya cha kompyuta kisicho na waya wala betri, na jinsi kilivyotufaa katika kufundisha umeme na sumaku.

Jambo lenyewe halikuanza kwa haja ya elimu bali kwa haja ya fedha. Shule moja ambayo wanachuo wetu hufanyia mazoezi ya kufundisha ina chumba chenye kompyuta kumi. Vipanya vyake vilikuwa vya aina isiyo na waya, na kila kimoja kilitumia betri moja ndogo ya volti 1.5. Betri hizo zilinunuliwa kwa michango ya wazazi, nazo hazikuwa na adabu ya kufa pamoja: leo moja, kesho mbili, hata kipindi cha dakika arobaini kikawa kinakatizwa na watoto walionyoosha mikono wakisema, "Mwalimu, changu kimelala." Ndipo mfanyabiashara mmoja akaja na vipanya visivyohitaji betri kabisa, bei yake ikiwa mara kadhaa ya ile ya kipanya cha kawaida chenye waya. Mwalimu Mkuu, mtu asiyependa kutumia fedha za wazazi kwa kubahatisha, aliniomba nichukue kimoja, nikijaribu kwa majuma matatu, kisha niishauri kamati ya shule.

Kabla sijaeleza niliyoyaona, inafaa tukumbushane asili ya kifaa chenyewe. Kipanya cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964 katika Taasisi ya Utafiti ya Stanford nchini Marekani. Aliyekibuni ni Douglas Engelbart, na aliyekiunda kwa mikono yake ni mhandisi mwenzake, Bill English. Kilikuwa kibweta cha mti chenye magurudumu mawili chini yake, gurudumu moja likipima mwendo wa kwenda mbele na nyuma, na la pili mwendo wa kwenda kulia na kushoto. Engelbart alikionyesha hadharani mjini San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Waya uliokiunganisha na kompyuta ulifanana na mkia, na kwa hiyo kikaitwa panya. Magurudumu yalikwisha kuachwa zamani. Vipanya vingi vya leo vina taa ndogo tumboni pamoja na kamera ndogo sana, ambayo hupiga picha za uso wa meza zaidi ya elfu moja kwa kila sekunde. Kwa kulinganisha picha hizo, kifaa hutambua kimesogea upande gani. Taa na kamera vyote huhitaji umeme. Hapo ndipo linapozuka swali la kipanya chetu: kama hakina mkia wa kupitishia umeme, wala hakina betri tumboni, umeme wake unatoka wapi?

Nilianza kukijaribu kwa mkono. Kilikuwa chepesi kuliko vile vya betri, na hilo peke yake lilikuwa faida kwa mikono ya watoto. Nilifungua kifuniko cha chini nikiwa na wanachuo wawili, tukahakikisha kwa macho kwamba hapakuwa na nafasi ya betri. Kilikuja pamoja na pedi yake, yaani kile kibao chembamba ambacho kipanya hutembea juu yake. Pedi hiyo ilikuwa na waya, na waya huo ulichomekwa kwenye kompyuta. Nilipokiweka kipanya juu ya pedi, taa yake iliwaka na mshale ukatembea kwenye kioo bila kusitasita. Nilipokiinua kiasi cha upana wa vidole vitatu, taa ilizimika papo hapo. Nilipokiweka juu ya meza tupu, hakikufanya lolote. Kilikuwa kama samaki aliyetolewa majini.

Siku zilizofuata nilijaribu kuweka vitu mbalimbali kati ya kipanya na pedi. Nilitandika karatasi moja, taa ikawaka. Nilitandika daftari zima, taa ikawaka na kipanya kikatembea juu ya jalada. Nilipopanga madaftari hadi yakafikia unene wa kidole gumba, taa ikazimika. Kipande cha kitambaa cha kanga hakikuzuia kitu, wala kipande chembamba cha ubao. Lakini nilipoweka kipande bapa cha alumini, kilichokatwa kwenye sufuria kuukuu, taa ilizimika ingawa kipande hicho kilikuwa chembamba kuliko daftari. Namtahadharisha mwanachuo atakayerudia jaribio hili asikiache kipande cha madini juu ya pedi zaidi ya sekunde chache, kwani huweza kupata joto.

Maelezo ya hayo yote yalikwisha kupatikana karne mbili zilizopita. Tarehe 29 Agosti 1831, mjini London, Michael Faraday alichukua pete ya chuma, akaizungushia waya upande mmoja, na waya mwingine upande wa pili, bila nyaya hizo kugusana. Alipounganisha waya wa kwanza na betri, sindano ya sumaku iliyokuwa karibu na waya wa pili ilitikisika, kisha ikatulia. Alipoikata betri, ikatikisika tena. Mkondo ulipokuwa ukipita kwa utulivu, sindano haikusogea kamwe. Tarehe 17 Oktoba mwaka huo huo aliingiza na kutoa fimbo ya sumaku katika koili ya waya, na sindano ikacheza kila sumaku ilipotembea. Fundisho lake ni hili: sumaku iliyotulia haizalishi umeme katika waya uliotulia, umeme huzalishwa pale tu nguvu ya sumaku inayopita katika koili inapobadilika.

Sasa kipanya chetu kinaeleweka. Ndani ya pedi mna koili ya waya. Umeme unaotoka kwenye kompyuta hugeuzwa ndani ya pedi kuwa mkondo unaokwenda na kurudi maelfu mengi ya mara kwa sekunde, na kwa hiyo nguvu ya sumaku inayoizunguka pedi haitulii hata kidogo. Tumboni mwa kipanya mna koili nyingine. Nguvu hiyo ya sumaku inayobadilika hupita katika karatasi, kitambaa na ubao, ikaifikia koili ya kipanya na kuzalisha humo umeme mdogo unaotosha kuwasha taa na kamera. Umbali ukizidi, nguvu hupungua hadi haitoshi. Kipande cha alumini kikiwekwa katikati, umeme huzalishwa ndani ya alumini yenyewe, nao huipinga ile nguvu ya sumaku isipite. Hata habari za mwendo wa kipanya hurudishwa kwenye pedi bila waya, na pedi huzipeleka kwenye kompyuta kwa waya wake.

Wanachuo wasichanganye kifaa hiki na ndugu zake. Vipo vipanya vyenye kapasita, yaani hazina ndogo ya umeme, ambavyo huendelea kufanya kazi kwa muda hata vikiondolewa kwenye pedi. Vilevile, mwaka 2017 kampuni ya Logitech ilitoa pedi iitwayo Powerplay, lakini ile huchaji betri iliyomo ndani ya kipanya wakati kinatumika. Kanuni ni ile ile ya Faraday. Tofauti ni kwamba huko umeme huwekewa akiba, na katika kipanya nilichokijaribu akiba haipo.

Baada ya kukielewa kifaa, tuliandaa somo kwa Darasa la Sita. Niliwakataza wanachuo kuanza na kipanya. Kanuni ya kutoka kwenye jambo linalojulikana kwenda kwenye lisilojulikana si pambo la vitabu vya ualimu. Mtoto asiye na pa kusimama hawezi kunyoosha mkono kuchuma tunda. Tuliazima baiskeli ya mlinzi wa chuo, ambayo bado ina taa na dainamo yake ya zamani. Tuliipindua kichwa chini, magurudumu juu, mbele ya darasa. Mwanafunzi mmoja alizungusha gurudumu dainamo ikiwa haijaligusa. Gurudumu likazunguka muda mrefu, na taa haikuwaka. Akalizungusha tena dainamo ikiwa imeligusa. Taa ikawaka, lakini gurudumu likasimama upesi.

Mwanachuo aliyekuwa akifundisha aliuliza swali moja tu: "Kwa nini gurudumu limechoka mapema?" Darasa lilinyamaza. Kisha mvulana mmoja, ambaye baba yake ana baiskeli ya namna hiyo, akasema kwamba hata barabarani usiku, taa ikiwashwa miguu huona uzito. Mwenzake akamalizia, "Basi taa inakula nguvu ya miguu." Hatukulisahihisha neno lake, kwa kuwa halikuhitaji kusahihishwa. Ndani ya dainamo sumaku huzunguka karibu na koili, na yule anayekanyaga pedali ndiye anayelipa gharama ya mwanga.

Ndipo tukaleta kipanya. Watoto walikizoea cha betri, hivyo walitaka kwanza kuona betri ya hiki. Tulikifungua wakaona haimo. Mwanachuo akawataka waandike katika madaftari yao umeme unatoka wapi, kabla hatujafanya jaribio lolote. Majibu yao tuliyaandika ubaoni yote, bila kuchagua. Wengine walisema umeme umo ndani ya kompyuta na unaruka hewani. Wengine walisema unatoka kwenye mkono wa anayekishika. Mmoja aliandika kwamba ni mazingaombwe. Na wengi, zaidi ya nusu ya darasa, waliandika kwamba kipanya hiki hakitumii umeme wowote, kwa kuwa hakina waya wala betri.

Jibu hilo la mwisho ndilo lililonishughulisha zaidi, na naomba mwanachuo alitafakari. Mtoto aliyeliandika hakuwa mzembe. Alifuata kile alichokiona. Lakini akitoka shuleni na imani kwamba kipo chombo kinachofanya kazi bila kupewa nguvu yoyote, atakuwa windo jepesi la kila mchuuzi atakayempitia maishani mwake akiuza mtambo wa umeme wa bure. Somo la nguvu si la kupitia mtihani tu. Linamlinda mtu na mfuko wake. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Kazi yetu ilikuwa kumwonyesha mtoto ni nani aliyeunda, na kwa kitu gani.

Tuligawa darasa katika makundi, kila kundi likaja mezani kwa zamu yake na kujaribu jambo moja: kuinua, kutandika karatasi, kutandika madaftari, kuweka alumini, kuchomoa waya wa pedi. Kila kundi lilitakiwa kutabiri kabla ya kujaribu. Waya wa pedi ulipochomolewa na taa ya kipanya ikazimika, wale walioandika kwamba hakitumii umeme walikwenda wenyewe ubaoni kubadili jibu lao. Yule aliyeandika kwamba umeme unatoka mkononi alikisukuma kipanya kwa rula, akaona taa bado inawaka, akarudi kuketi akiwa ameridhika. Hapakuwa na haja ya mwalimu kuwakatalia. Ningependa wanachuo wazingatie kwamba mpaka hapo neno "induksheni" lilikuwa bado halijatajwa. Tulilitaja mwishoni, kama jina la kitu ambacho watoto walikwisha kukiona.

Kisha tukafuata njia ya umeme kinyumenyume, tukaichora ubaoni: kutoka kipanya hadi pedi, kutoka pedi hadi kompyuta, kutoka kompyuta hadi soketi ya ukutani, na kutoka ukutani hadi nguzo za TANESCO. Kutoka hapo tuliwaeleza kwamba umeme wa gridi ya taifa hutoka sehemu nyingi. Upo unaozalishwa kwa gesi asilia, kama ile ya Songo Songo, na upo unaozalishwa kwa nguvu ya maji katika mabwawa kama Kidatu, Mtera na lile la Julius Nyerere katika mto Rufiji, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kazi mwaka 2024 na ambalo limejengwa kwa uwezo wa megawati 2,115. Huko nako, maji au gesi huzungusha sumaku kubwa karibu na koili, kama dainamo ya mlinzi wetu, ila kwa ukubwa wa ajabu. Msichana mmoja wa dawati la nyuma alitazama mchoro kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, basi si kweli kwamba hakina betri. Betri yake ni mto." Hapo nilijua kwamba somo limefika.

Msichana huyo huyo aliuliza swali la pili ambalo halikuwamo katika andalio la somo: je, pedi inaendelea kula umeme hata kama kipanya kimeondolewa juu yake? Jibu ni ndiyo, ingawa hula kidogo zaidi, kwa sababu koili ya pedi lazima iendelee kufanya kazi ili kipanya kikirudi kikute nguvu. Swali hili ndilo lililonisaidia kuandika ushauri wangu kwa kamati ya shule.

Katika kamati niliyasema mazuri ya kifaa hiki bila kuyapunguza. Hakikatizi kipindi kwa kufa ghafla. Hakihitaji kununuliwa betri kila mara, wala hakiachi betri zilizokufa, ambazo tulikuwa tukizikuta zimetupwa katika bustani ya shule na watoto wakizichezea. Lakini pia nilisema kwamba kila kipanya kinafungwa na pedi yake. Pedi ikipotea au waya wake ukikatika, kipanya hubaki jiwe, na pedi ya aina nyingine haiwezi kukifaa. Na zaidi ya yote, nilisema kwamba mkia wake haukuondolewa, umehamishwa tu kutoka kwenye kipanya na kupachikwa kwenye pedi. Kipanya cha kawaida chenye waya nacho hakina betri, nacho hupata umeme kutoka kompyuta hiyo hiyo, tena kwa njia fupi na kwa bei ndogo.

Mzee mmoja wa kamati hakupendezwa. Alisema kwamba watoto wetu wasinyimwe vitu vya kisasa kwa sababu tu wamezaliwa mbali na mji, na kwamba vipanya vya mikia vitawafanya wajione wa nyuma. Niliyaheshimu maneno yake, kwa kuwa yalitoka katika uchungu wa kweli. Mwalimu Mkuu alimjibu kwa upole kwamba mtoto aliyeweza kusema betri yake ni mto hayuko nyuma ya mtu yeyote. Baada ya mazungumzo marefu kamati iliamua kununua vipanya kumi vyenye waya kwa ajili ya chumba cha kompyuta, na kile kimoja nilichokijaribu kikanunuliwa kiwekwe katika kabati la zana za sayansi. Fedha zilizobaki zilikwenda kununua madaftari ya darasa la kwanza.

Mwanachuo atakayepangiwa shule isiyo na kompyuta hata moja asiseme kwamba somo hili halimhusu. Dainamo ya baiskeli inatosha, na kama hakuna baiskeli, sumaku ya spika ya redio mbovu inatosha. Chukua waya mwembamba wa shaba wenye gamba, uzungushe mara mia moja au zaidi upate koili. Ncha zake mbili ziunganishe na waya mwingine uliozungushiwa dira mara nyingi, na dira hiyo uiweke mbali, mwisho wa meza, ili sumaku yenyewe isiivute. Pitisha sumaku kwa haraka ndani ya koili au karibu nayo, na watoto watazame mshale wa dira. Utatikisika kidogo tu, kwa hiyo waache wakaribie. Kisha ishike sumaku bila kuitikisa, nao waone mshale umetulia. Hayo ndiyo aliyoyaona Faraday, mwana wa mhunzi, aliyeanza maisha akiwa mwanagenzi wa kujalidi vitabu, na ambaye baadaye alitoa mara nyingi mihadhara ya Krismasi kwa ajili ya vijana katika Taasisi ya Kifalme mjini London.

Yapo mambo matatu ya kuzingatia katika kila somo la kifaa kilichofungwa. Kwanza, mwalimu akijaribu mwenyewe kwa siku kadhaa, mpaka ajue ni wapi kinaacha kufanya kazi. Mahali kinapoachia ndipo penye somo, kuliko mahali kinapofanya kazi vizuri. Pili, aanze na kifaa cha nyumbani chenye kanuni ile ile, na jina la kitaalamu aliweke mwisho. Tatu, aandike ubaoni utabiri wa wanafunzi wote kabla ya kuanza jaribio, pamoja na ule unaochekesha, na asiufute yeye. Awaachie chaki wenyewe.